Haya Si Kunyamaza: Tuliyoyaona Kazini Iringa na Mbeya



Dada zetu wapendwa, na khasa nyinyi bi harusi watarajiwa,

Mwezi wa Shaaban uliopita alikuja bi harusi mmoja kwenye karakana yetu hapa Mbeya kujaribu gauni lake la nikahi. Siku ya kujaribu gauni kwa kawaida huwa siku ya vicheko. Mama hupiga kigelegele, mashoga hupiga picha, na sisi tunakuwa chini na pini mdomoni tukirekebisha pindo. Huyu alisimama mbele ya kioo, tukaanza kumbana kiunoni, mara machozi yakamtoka. Tulidhani gauni halikumpendeza.

Kumbe asubuhi ile alikwenda kwa meneja wake kuomba ruhusa ya siku 5 za harusi. Meneja akamwambia, mbele ya wenzake, kwamba basi ile nafasi ya usimamizi aliyoahidiwa atapewa mwengine, "maana ukishaolewa haipiti miezi mitatu ushaanza kutapika." Ofisi nzima ikacheka. Na yeye akacheka pamoja nao. Akatuambia hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwamba na yeye alicheka.

Mama yake akamfuta machozi, akamwambia, "Nyamaza mwanangu, mwanamke ni haya." Nasi tulikuwa karibu kusema maneno hayo hayo, kwa sababu ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini tulitazamana, tukashindwa kuyasema. Tuna sababu yetu, na leo tunaitoa hapa ingawa si ya kujivunia.

Tulivyokuwa waajiriwa Iringa

Sisi tunaoandika ni wawili, mtu na wifi yake. Sote tumezaliwa Unguja, sote tumo kwenye miaka ya thalathini. Tumesoma skuli mpaka sekondari, kisha tukachukua kozi ya ushonaji. Tulikwenda Iringa kwa sababu ya riziki. Kaka wa mmoja wetu, ambaye ndiye mume wa mwengine, alikuwa na gari la mizigo njia ya Tunduma, na Iringa ndipo alipopata nyumba ya kupanga. Baridi ya mwezi wa Juni kule si ya mchezo. Tulikuwa tunavaa sweta chini ya buibui na bado meno yanagongana.

Tukaomba kazi kwenye karakana moja ya mjini. Hatuitaji jina. Ilikuwa na vyerehani 11, mafundi wanaume 5 na sisi wanawake 6. Tulipokewa vizuri, kwa "kamwene" na chai ya tangawizi. Watu wa Iringa ni watu wa adabu, na hatutaki mtu asome makala hii aseme "watu wa bara ndivyo walivyo." Unguja pia tumeyaona, tena kwa watu wenye kofia na kanzu.

Kazi ziligawanywa hivi. Wanaume walikata na kuunga. Wanawake tulipiga pindo, tulishona vifungo, tulipiga pasi, tulifagia na tulipika chai. Kwa mtu wa nje ni mgawanyo tu wa kazi. Lakini aliyewahi kushona anajua kuwa fedha iko kwenye meza ya kukatia. Anayekata ndiye anayechukua vipimo, ndiye anayezungumza na mteja, ndiye anayejua bei na ndiye anayepewa bakhshishi. Anayepiga pindo hulipwa pindo, hata akipiga kwa miaka 20.

Tukaomba tufundishwe kukata. Mwenye karakana akajibu kwamba mkasi mkubwa si wa mkono wa kike. Watu wakacheka, na sisi tukacheka.

Mafundi wanaume waliitwa kwa majina yao. Sisi tuliitwa "mtoto," "mrembo," au "Bi Unguja," na aliyechelewa kuitika aliulizwa kama amenuna kwa sababu za kila mwezi. Mwenye karakana alikuwa na tabia ya kupita nyuma ya vyerehani na kuweka mkono begani mwa binti, akauacha hapo huku anauliza habari za kola. Mishahara ya wanaume ililipwa mezani, mchana, kila mtu anaona. Ya wanawake mtu aliambiwa, "Njoo jioni, watu wakishapungua."

Tukienda sote wawili hiyo jioni, hela ilikuwepo. Akienda mmoja, hela haikuwepo mpaka kesho jioni. Ilituchukua miezi miwili kuelewa kuwa hilo halikuwa bahati mbaya. Kuanzia hapo hakuna aliyekwenda peke yake. Lakini wenzetu wanne hawakuwa na wifi wa kwenda naye. Waliondoka mmoja baada ya mwengine, na kila aliyeondoka tuliambiwa alikuwa mvivu. Hatukumuuliza hata mmoja wao kilichomkuta. Tuliona tumejilinda, basi, tukasema alhamdulillah.

Usiku tulitandika magazeti sakafuni, tukajifundisha kukata kwa kufuata nguo zetu wenyewe. Tuliharibu mashuka mawili na pazia moja. Baada ya mwaka na nusu tukaaga, tukapanda basi, tukahamia Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, na vyerehani viwili vya mtumba.

Tulipokuwa wenye kazi Mbeya

Mungu akatufungulia. Tulianza na sare za skuli jirani na Mwanjelwa, tukaingia kwenye magauni ya harusi, shela, na vazi la kesha na kuhinaiwa. Wateja Waislamu walitupenda kwa sababu vipimo vya mwanamke vinachukuliwa na mwanamke, nyuma ya pazia. Tukaajiri. Mwaka wa nne tulikuwa na watu 8, wanawake 5 na wanaume 3.

Mmoja wa wale wanaume alikuwa mkataji hodari kuliko sisi wote wawili. Satini inayoteleza, lesi yenye maua yanayotakiwa kukutana mshononi, yeye alikuwa anakata kama anasoma. Na alikuwa mchekeshaji. Utani wake ulikuwa juu ya miili ya wasichana: nani ameongezeka wapi, nani atamfaa nani, nani akiinama chumba kinajaa. Sisi mabosi tulikuwa tunasema "Ee jamani wewe!" huku tunacheka. Sasa tunajua kuwa kicheko kile, kwa mfanyakazi anayetutazama, kilikuwa ni ruhusa yenye saini yetu.

Tulikuwa na binti mmoja mwanagenzi, ametoka kijijini Rungwe, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Akaja kutuomba ahamishwe cherehani, akae mbali na meza ya kukatia. Tukamuuliza sababu. Akasema, "Basi tu, dada." Tulijua sababu. Wallahi tulijua, kwa sababu "basi tu" ile tulishaisema wenyewe Iringa. Lakini ilikuwa Shaaban, harusi zimebanana kabla ya mfungo, magauni 14 yako mezani na mkataji ni mmoja. Tukamwambia, "Mzoee tu, ndivyo alivyo, hana ubaya."

Wiki iliyofuata hakuja. Siku ya tatu alikuja mama yake mdogo kuchukua mkasi wake na kitenge alichokuwa anakikalia. Hakututukana. Alikunja kile kitenge taratibu, akatazama chumba, chumba kimoja tu chenye vyerehani vyote na meza zote mbele ya macho, akauliza: "Na nyinyi wanawake wenzake mlikuwa mnakaa wapi humu ndani?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Tulikwenda mpaka kwao kumuomba radhi. Alitupokea, akatupa ndizi na maziwa, akatusamehe kwa mdomo, na hakurudi. Kwa hiyo mtu akituuliza tumejuaje mambo haya, tunamwambia ukweli: tumejifunza kwa gharama ya mtoto wa watu.

Haya ni ya nani?

Tulilelewa tukijua kuwa haya ni pambo la mwanamke. Ni kweli. Lakini dini yetu haikusema ni pambo la mwanamke peke yake. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ndiye anayesifiwa kwa wingi wa haya, na yeye ni mwanamume. Katika Suratun-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume waumini, kisha ndipo ikaja kwa wanawake. Basi inakuwaje karakanani au ofisini mwanamume anaruhusiwa kuvua haya yake yote, halafu mwanamke anatakiwa avae ya wote wawili?

Rudini kwenye kisa cha Nabii Musa, alayhis salaam, alipofika Madyan katika Suratul-Qasas. Alikuta wachungaji wameizunguka kisima, na pembeni wanawake wawili wanawazuia wanyama wao. Wale walikuwa kazini. Baba yao mzee hawezi kutoka, wakatoka wao. Na hali ya pale kisimani ilikuwa hii hii tunayoizungumza: mpaka wanaume wamalize. Musa hakuwauliza kwa nini hawakukaa nyumbani. Aliwauliza wana shida gani, nao wakamjibu wazi, kwa maneno machache yenye heshima. Akawanyweshea wanyama wao, akaenda zake kivulini. Hakudai jina, hakudai shukrani.

Kisha mmoja wao alikuja kumwita, anatembea kwa haya. Na wanawake hawa hawa wenye haya, mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, akatoa na sababu mbili: ana nguvu na ni mwaminifu. Haya haikumzuia kusema shida yake, wala haikumzuia kutoa rai juu ya nani aajiriwe na kwa sifa gani. Sisi tunaisoma aya hii kama wenye karakana, na inatusuta. Mkataji wetu tulimuajiri kwa sifa ya kwanza tu, nguvu ya mkono wake. Ya pili hatukuitazama.

Na Bibi Khadija, radhiya Llahu anha, alikuwa mfanyabiashara wa Makka aliyewapa watu mali yake waende nayo safari ya Sham. Mtume alifanya kazi katika biashara yake kabla ya kumuoa. Alimchagua kwa uaminifu wake. Kwa hiyo mwanamke anayeajiri na kuweka masharti si jambo lililoletwa na televisheni.

Wapo watakaosema dawa ni moja, mwanamke akae nyumbani. Mwenye uwezo huo na akaridhika, Allah ambarikie. Lakini mjane anayesomesha watoto watatu unamwambia nini? Na binti anayetibu mzazi wake? Na aliyeachwa bila matunzo? Wote hawa wako kazini kwa sababu, na hawakuikodisha heshima yao pamoja na mikono yao.

Sheria inasema nini

Tulipomaliza kulia tulikwenda kuuliza. Tukagundua kwamba tuliyokuwa tunayaita "mazoea" yana majina kwenye sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia na dini, pamoja na sababu nyengine. Unyanyasaji kwa sababu hizo unahesabiwa kuwa ni ubaguzi. Kwa hiyo meneja aliyemnyima bi harusi wetu nafasi kwa sababu anaolewa hakufanya utani. Alitenda jambo lililokatazwa kwa jina.

Sheria hiyo inampa mwanamke likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaponyonyesha, ana haki ya muda wa kunyonyesha wa hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Mwenye malalamiko huyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu huiita CMA, yenye ofisi Mbeya na Iringa. Lakini siku zinahesabiwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa madai mengine ni siku 60. Kanuni za kuachishwa kazi isivyo haki haziwahusu walio chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na ndiyo maana waajiri wajanja hupenda kuwaonea wageni. Hata hivyo katazo la ubaguzi halikuwaacha nje.

Bosi anayetaka mwili ndipo atoe kazi, mshahara au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa katika kifungu cha 25, na TAKUKURU inapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Kushikwa na kusumbuliwa kwa maneno au vitendo vya ngono ni jinai pia, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mlioko Zanzibar, mambo ya kazi si ya Muungano. Kwenu kuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mlango wa kugonga ni Kamisheni ya Kazi.

Hatusemi sheria inatosha. Karatasi haikai karakanani saa kumi na mbili jioni. Lakini anayejua haki yake hutembea tofauti na anayedhani anaomba hisani.

Wewe uliyeajiriwa

La kwanza, usicheke. Hatusemi ugombane. Utani ukikuumiza, acha uso wako ubaki ulivyo. Kimya kisicho na tabasamu kinasikika kuliko unavyodhani, na kinakuwa mwanzo wa maneno.

La pili, sema sentensi moja fupi yenye adabu, hiyo hiyo kila mara: "Kaka, sipendi kuguswa." "Bosi, naomba mshahara wangu mezani kama wenzangu." Usieleze sababu, maana ukieleza mtajadili sababu badala ya jambo lenyewe.

La tatu, andika. Daftari la senti chache linatosha: tarehe, saa, aliyesema nini, nani alikuwepo. Lihifadhi nyumbani. Mwambie na mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, ili siku ya kusimulia usiwe peke yako.

La nne, tafuta wifi. Tunalisema kwa maana pana. Kama hukujaliwa mwenzako kazini, mtafute. Muulize yule anayekaa kimya kwenye kona: "Na wewe huambiwa uje jioni?" Sisi tulijilinda wawili Iringa tukawaacha wanne nje. Msifanye kama sisi.

Na kama pamekushinda, kuondoka si aibu. Riziki haikufungwa kwenye mlango mmoja. Lakini ukiweza, ondoka na barua yako mkononi na madai yako yakiwa yameandikwa, kabla siku hazijapita.

Bi harusi wetu tulimsaidia kuandika barua meza ile ile ya kukatia. Mistari minane tu. Aliomba kuelezwa kwa maandishi sababu ya kunyimwa nafasi aliyoahidiwa, akataja tarehe na maneno aliyoambiwa. Nikahi ikasomwa, akapumzika siku zake 5, akarudi na barua. Tunapoandika haya nafasi bado hajapewa. Lakini nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa, na meneja, anatuambia, tangu siku hiyo humwita kwa jina lake.

Wewe mwenye kazi

Kwa wenzetu wenye saluni, mikahawa, maduka na karakana, tunawapa tunayoyafanya sasa.

Tumeandika kanuni saba kwenye karatasi moja, Kiswahili chepesi, tumezibandika ukutani karibu na pasi. Hakuna utani wa miili. Hakuna kugusana. Kila mtu anaitwa kwa jina lake. Malipo ni mezani, Jumamosi mchana, mbele ya wote. Kufagia na kupika chai ni zamu, wanaume ndani, wanawake ndani, mabosi ndani. Anayetaka kujifunza kukata atafundishwa. Mwenye malalamiko amuone yeyote kati yetu, na hatapoteza kazi kwa kusema.

Mkataji wetu tulimwita, tukamuonya kwa maandishi, tukampa nafasi ya kujieleza. Alisema tumeharibiwa na siasa za wanawake. Aliporudia tukamfuata utaratibu, tukaachana naye na haki zake tukamlipa zote. Tusiwadanganye, tuliumia. Tulirudisha amana za oda tatu, na kuna mteja hajatusalimia mpaka leo. Lakini baada ya mwaka wasichana wawili walikuwa wanakata satini, na meza ile iliyokuwa na mkono mmoja sasa ina mikono mitatu. Tulikuwa tunasema hatuwezi kumuacha kwa sababu hakuna mwengine anayejua kukata. Kumbe hakukuwa na mwengine kwa sababu yeye alikuwepo.

Na wanaume wawili waliobaki? Mmoja alituambia siku moja, akiwa zamu ya chai, kwamba na yeye alikuwa hapendi ule utani, ila aliogopa kuonekana si mwanamume. Kumbe hata yeye alikuwa anacheka kama sisi.

Na wewe bi harusi

Tunamalizia kwako, mpenzi wetu, kwa sababu unaweza kudhani makala hii si yako. Gauni lako liko tayari, ofisi huna, karakana huna.

Kwanza, kabla ya nikahi, zungumza na mchumba wako juu ya kazi. Ukitaka kuendelea kufanya kazi, liseme mapema na likubaliwe mbele ya mawalii. Ukichuma, chumo lako ni lako. Ukimsaidia mumeo ni ihsani yako, na utalipwa kwa Mola wako.

Pili, zipo nyumba nyingi visiwani ambazo bi harusi akiingia anakuta, au anatafutiwa, msichana wa kazi. Na mara nyingi ukimuuliza anakotoka atakwambia Iringa. Ametoka kijijini akiwa mdogo, amepanda basi na boti, hana wifi hata mmoja. Siku unayoingia nyumba ile, wewe ni bosi, na nyumba yako ni mahali pa kazi. Hata amri ya kima cha chini cha mshahara kule Bara ina sehemu ya wafanyakazi wa majumbani.

Basi jiulize. Analala wapi, na mlango wa chumba chake unafungwa kwa ndani? Anaitwa kwa jina lake, au "we msichana"? Mshahara wake anaupata mkononi mwake, kwa tarehe, au "njoo baadaye"? Shemeji anayekuja kutazama mpira anamtania vipi akileta chai, na nyinyi mnacheka? Na siku akija akuombe asibaki peke yake nyumbani na mtu fulani, ukamuuliza kwa nini, akakujibu "Basi tu, dada," utamwambia nini?

Sisi tulimwambia azoee. Msiseme hivyo. Acheni ufagio, kaeni naye chini, msikilizeni, kisha mfanye linalotakiwa hata kama mtu huyo ni ndugu wa mumeo. Maana iko siku mama yake mdogo atakuja kuchukua kitenge chake, naye atauliza swali lile lile, na nyumba yako pia ina macho yako ndani.

Allah atupe haya ya kweli, atupe na ulimi wa kusema haki kwa upole, na awabariki katika ndoa zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.